Utalii wa nyota kijijini: wazee na kinamama hawajaridhika, tufanyeje kabla ya mkutano mkuu?

Mlinzi wa Zizi (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Naomba ushauri wenye vipimo. Kijiji chetu kiko upande wa Ziwa Natron. Kikundi cha vijana 11 (saba wanaume, wanne wanawake) kimesajiliwa halmashauri, na kinataka kuanzisha usiku wa kutazama nyota kwa wageni wa kambi mbili za jirani na wanaokuja kupanda mlima Ol Doinyo Lengai. Mpango ni darubini moja, viti 12, waongozaji wawili, saa mbili usiku hadi saa nne. Tumeomba eneo la wazi kusini mwa maboma, kama mita 600 kutoka boma la mwisho.

Wazo limefika halmashauri ya kijiji likarudishwa. Sababu zilizotolewa:

Malaigwanani (viongozi wetu wa jadi) wanasema andiko letu lina maneno "hifadhi ya anga", na kijiji hakitaki kusikia hifadhi nyingine. Kinamama hawataki magari na wageni wapite karibu na maboma usiku. Wafugaji wameuliza kama wataambiwa wazime taa ili mgeni aone nyota, na umeme wenyewe umefika juzi tu. Mchungaji wa kanisa amesema unajimu ni kazi ya waganga. Tena kambi moja imetuambia itafanya yenyewe na kutupa "asante" kila mwisho wa mwezi.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wiki sita zijazo. Tuanzie wapi? Na darubini tununue ipi?

---

Chapa Lapa

Mkuu, msijichoshe na vikao. Azimeni darubini, waonyesheni pete za sayari ya Zohali usiku mmoja. Mtu akishaziona mjadala umekwisha.

---

Kilimia Kimezama

Chapa Lapa, hapo ndipo vikundi vingi vinapoangukia. Rudia kuzisoma zile sababu: hakuna mtu aliyesema nyota ni mbaya au hazina maana. Mmoja anazungumzia ardhi, mwingine usalama wa usiku, wa tatu umeme, wa nne imani, na kambi inazungumzia pesa. Pete za Zohali hazijibu hata moja kati ya hizo. Ukileta darubini kabla ya majibu, wazee wataona mnawafunika macho kwa maajabu ili wasaini, na watakuwa na haki ya kuona hivyo.

Anza na lile neno. Chama cha kimataifa cha kulinda anga la giza hutoa vyeti vya aina mbalimbali, na mengi ya majina yake yakitafsiriwa kwa Kiswahili huangukia kwenye "hifadhi". Kwa mfugaji wa Natron, Loliondo au Ngorongoro, hifadhi maana yake ni mpaka, askari na ng'ombe kukamatwa. Futeni neno hilo kwenye andiko zima. Andikeni "usiku wa nyota" au "kutazama nyota", kisha ongezeni sentensi hii kwenye ukurasa wa kwanza: *Shughuli hii haibadilishi matumizi wala hadhi ya ardhi, haizuii malisho, njia za mifugo wala maji, na kikundi hakitaomba cheti chochote cha eneo bila azimio jipya la mkutano mkuu.* Isomwe kwa Kimaasai kwenye mkutano, neno kwa neno, kisha iingie kwenye muhtasari.

Pili, msiende kama walimu. Wamaasai walikuwa wakisoma majira kwa nyota kabla ya kalenda za ukutani. Kundi tunaloliita Kilimia kwa Kiswahili, wao hulihesabu nyota sita zinazofuatana kama ng'ombe, na likizama jioni hujulikana kwamba masika yamekwisha. Waswahili nao wana msemo wao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni nyota zile zile na hesabu ile ile. Kwa hiyo mnapowafuata wazee, swali la kwanza liwe: yapi katika haya yanaweza kusimuliwa kwa mgeni, na yapi hayatoki nje? Watawatenganishia wenyewe. Lililokatazwa lisiandikwe popote, hata kwenye daftari la kikundi.

---

Mama wa Kisimani

Naongeza upande wa kinamama, maana kwenye andiko kama hili hupewa mstari mmoja tu wa "usalama utazingatiwa".

Mita 600 ni karibu mno. Usiku uwanda ule hauna kelele, sauti za wageni 12 wanaocheka zinafika bomani, na taa za gari moja linalogeuza zinamulika zizi zima. Ng'ombe wakishtuka wanaweza kuvunja boma, na wakitoka usiku ni chakula cha fisi. Sogezeni eneo angalau kilomita moja na nusu, nyuma ya kilima au kichaka kinachokata mwanga na sauti, na mahali ambapo gari linaingia kutoka upande wa barabara bila kupita bomani kabisa. Tembeeni njia hiyo usiku pamoja na kinamama watatu au wanne kabla ya mkutano. Njia waichague wao, kisha iwekeeni mawe yaliyopakwa chokaa.

Masharti mengine yanayohitaji kuandikwa:

Gari lizime taa kubwa mita 300 kabla ya kufika, likishafika lisiondoke hadi mwisho. Mgeni hatoki nje ya duara la viti bila mwongozaji. Hakuna ndege ndogo za kamera (droni). Hakuna picha za watu, hata kwa kulipia, kwa sababu usiku mtoto hawezi kuonekana kama amekubali au amekataa. Saa nne na nusu eneo liwe tupu. Wasichana wa chini ya miaka 18 wasitumike kuuza shanga pale usiku. Shanga ziuzwe mchana au kambini.

Na pesa ya chai, maziwa na mikeka iende moja kwa moja kwa kikundi cha kinamama, wakilipwa usiku ule ule na kusaini. Ikipitia kwa vijana kwanza, mwezi wa tatu hawatakuja tena.

---

Fundi Vioo

Nashika upande wa taa na darubini.

Taa kwanza, kwa sababu ndiyo hoja iliyo ya haki kuliko zote. Kijiji kilichosubiri umeme miaka yote hiyo hakiwezi kuambiwa kikae gizani kwa ajili ya mgeni wa siku mbili. Msiombe mtu azime hata balbu moja. Wala hakuna haja: mkiwa nyuma ya kilima, kilomita moja na nusu, taa za kaya 80 haziharibu anga la juu, zinaangaza kidogo upande mmoja wa upeo tu. Kinachoharibu ni taa inayomulika moja kwa moja kwenye jicho. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja wa simu unarudisha kazi yote mwanzo.

Kwenye eneo lenu tumieni taa nyekundu hafifu, zilizoelekezwa chini. Tochi ya kawaida iliyofunikwa tabaka mbili au tatu za karatasi nyekundu ya plastiki inatosha. Mkiweka taa ya kudumu kwenye choo au maegesho, iwe ya rangi ya joto, Kelvini 2200 hadi 2700, chini ya lumeni 500, yenye kofia inayozuia mwanga kwenda juu. Kama zahanati au shule ina taa ya nje inayomwaga mwanga pembeni, kikundi kinaweza kujitolea kuifunga kofia ya bati kwa gharama yake. Ardhi chini ya taa haipungukiwi mwanga, bali mwanga huongezeka kama bati likipakwa nyeupe kwa ndani. Lakini hiyo ni zawadi, na mganga wa zahanati au mwalimu mkuu aridhie kwanza.

Darubini: nunueni ya kioo ya milimita 200 (inchi 8) kwenye kitako cha mbao cha kuzungusha kwa mkono, aina inayoitwa Dobson. Nje huuzwa kati ya dola 500 na 700 hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Uzito wake wote ni karibu kilo 20, watu wawili wanabeba. Haina mota wala kompyuta, na kwenu hiyo ni sifa: vumbi la magadi na betri zilizokufa ndivyo vinavyoua darubini za kielektroniki. Epukeni darubini za dukani zenye maandishi "kuza mara 525". Miguu yake hutetemeka kwa pumzi ya mtu.

Urefu wa fokasi wa darubini hiyo (umbali kutoka kioo hadi picha inapojikusanya) huwa milimita 1200. Lenzi ya jicho (ile ya kuchungulia) ya milimita 25 inakuza mara 48, ya milimita 10 mara 120. Tumieni ya 25 kwa karibu kila kitu. Sababu ni hesabu: anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kwenye mara 48 kitu kilichowekwa katikati kinakaa dakika mbili hivi kabla ya kutoka, na kwenye mara 120 hakifiki hata dakika moja. Watu wakiwa kwenye foleni, kwa lenzi kali mtarekebisha kwa kila mtu, na anayefuata ataona giza tupu kisha aseme ameona ili asiaibike. Muulizeni kila mmoja: "Umeona nini?" Asiyeweza kueleza hajaona.

Yanayoharibika: vioo hupoteza mstari baada ya safari ya barabara mbovu, nyota zinaonekana kama mkia. Jifunzeni kuvilinganisha kwa skrubu tatu za nyuma kila jioni kabla ya jua kuzama, kazi ya dakika tano. Kioo kikipata vumbi kisifutwe kwa kitambaa, kitakwaruzika. Pulizeni kwa pampu ya mkono, na mara moja au mbili kwa mwaka kioshwe kwa maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha Natron yasikiguse. Upepo wa jioni ni mkali huko, fungeni turubai la mita mbili upande unakotoka. Na kamwe darubini isielekezwe kwenye jua bila kichujio maalumu cha mbele. Sekunde moja inatosha kupofusha.

Jambo moja wengi hulisahau: macho. Maeneo ya wafugaji yana trakoma, na lenzi ya jicho inayoguswa na watu 40 ni njia ya kusambaza ugonjwa. Ondoeni mpira wa kuegemea jicho, au ufuteni kwa pamba yenye spiriti baada ya kila mtu. Spiriti iguse mpira tu, kioo hapana. Mwelekezeni mtu asimame na jicho likiwa upana wa kidole kutoka kwenye lenzi. Lenzi ya 25 inaruhusu hilo, ile ya 10 ya kawaida inamlazimisha mtu kubandika jicho, ndiyo maana nimesema ikae kwenye sanduku.

---

Mlinzi wa Zizi

Asanteni sana. Maswali mawili zaidi. Kuna maboma yenye taa za kumetameta za kufukuza simba. Wageni wa majaribio kutoka kambini walizilalamikia. Pili, mwenye kambi anasema wapanda mlima ndio wateja wakubwa, tuwafuate hao.

---

Fundi Vioo

Taa za simba zisizimwe hata usiku mmoja. Teknolojia hiyo ilianzia kwa kijana wa Kimaasai wa Kenya, Richard Turere, na inafanya kazi kwa sababu simba anadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mkizima usiku wa wageni na ng'ombe akaliwa, biashara imekufa na uhusiano umekufa. Taa zile ni ndogo, zikikatwa na kilima mgeni hazioni. Akiziona, aelezwe zinafanya nini. Ni maelezo bora kuliko mengi atakayoyasikia usiku huo.

Kuhusu wapanda mlima: wanaoanza kupanda Lengai huondoka karibu saa sita usiku ili wafike juu alfajiri, na jioni hiyo wanatakiwa walale mapema. Usiwauzie usiku wa kupanda. Wateja wako ni usiku wa kabla yake au wa kesho yake, wakiwa wamechoka na wanataka kukaa. Viti viwe vya kuegemea.

---

Karani wa Mtaa wa Pili

Upande wa karatasi, ambao kambi inautegemea msiujue.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha kwanza. Kwa hiyo msiombe "kupewa eneo". Ombeni ruhusa ya kutumia eneo kwa usiku maalumu, kwa mwaka mmoja, inayoweza kusitishwa, bila jengo la kudumu. Hoja hiyo inapita kwa urahisi zaidi na inamtuliza laigwanani. Kama eneo liko ndani ya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, asasi inayoisimamia lazima ikubali pia, na kama ni pori tengefu andikieni TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) barua kuhusu shughuli za usiku nje ya kambi. Pateni majibu kwa maandishi. Kwa neno la mdomo, askari wa zamu nyingine atawageuza na wageni ndani ya gari.

Masharti ya Mama wa Kisimani yanaweza kuwa sheria ndogo ya kijiji: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Hilo linachukua miezi. Wakati mnasubiri, yawekeni kama kiambatisho cha mkataba na kambi.

Mkataba wenyewe. "Asante" ya mwisho wa mwezi ikataeni kwa heshima. Ombeni kiwango kwa kila mgeni, na mgao wa kijiji uhesabiwe kwenye mapato ghafi, kamwe si kwenye faida. Faida huweza kuandikwa sifuri mwaka mzima: mafuta, matengenezo, mishahara ya mjini. Mapato ghafi ni idadi ya vichwa mara bei, na vichwa vinahesabika. Wekeni daftari la nakala tatu, dereva anasaini idadi ya wageni kabla hawajakaa: nakala ya kambi, ya kikundi, ya mtendaji. Fungu la kijiji liingie benki kwa namba ya malipo, risiti ibandikwe kwenye ubao wa ofisi. Pendekezo la kuanzia mazungumzo: 30 kwa mia kijiji, 15 kinamama wa chai na mikeka, 10 akiba ya matengenezo, zilizobaki kikundi. Mkutano ubadilishe wenyewe. Wakishabadilisha ni wao.

Na kikundi kuwa na usajili wa halmashauri hakutoshi kuuza huduma kwa mgeni: mnahitaji leseni ya biashara ya utalii, ile wengi bado wanaiita TALA, au mfanye kazi chini ya leseni ya kambi kwa mkataba unaotaja hivyo wazi.

---

Jirani wa Namanga

Kwetu Kenya mambo yamewekwa kwenye sheria moja kwa moja: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima, kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo, na makubaliano yataje fidia, mafunzo na athari kwa utamaduni. Nyinyi hamfungwi nayo, lakini orodha hiyo ni nzuri kuiiga. Ukisema kwenye mkutano "tumepata theluthi mbili, siyo wingi wa kupiga makofi", hata aliyepinga anaheshimu.

Pia tazameni kazi ya The Travelling Telescope, mradi wa huku kwetu wa Susan Murabana na mwenzake. Darubini inayokwenda kwa watalii ndiyo hiyo hiyo inayokwenda shuleni. Nyinyi pia wekeni usiku mmoja kila mwezi wa bure kwa shule ya kijiji, kabla ya usiku wa kwanza wa kulipwa.

---

Ustadh wa Bandarini

Kuhusu mchungaji. Tatizo lipo kwenye lugha yetu wenyewe: neno "unajimu" limebeba vitu viwili, elimu ya nyota na kupiga ramli. Mtu wa dini akilisikia anafikia la pili, na hana kosa. Acheni kulitumia. Semeni "elimu ya anga" au "falaki". Pwani, falaki ndiyo elimu inayohesabu nyakati za swala na kuandama kwa mwezi, hakuna sheikh anayeiona uganga. Mwendeeni mchungaji nyumbani kwake, msimjibu kwenye mkutano. Mpeni maandishi ya yale yatakayosemwa usiku: majina ya nyota, umbali, majira, masimulizi yaliyoruhusiwa na wazee. Ongezeni sharti kwamba mwongozaji akimtabiria mgeni bahati au kumsomea "nyota yake", anaondolewa. Wageni wataomba hilo, kwa hakika wataomba, kwa hiyo jibu liwe tayari.

Mfano wa wazi wa jinsi dini na anga vinavyokaa pamoja: jua lilipopatwa kwa umbo la pete tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa wilayani Mbarali ndiko watu walikokusanyika kutazama, wakati Waislamu wana swala yake maalumu ya kupatwa. Pete nyingine itapita Tanzania tarehe 21 Mei 2031. Ninyi mtaona sehemu tu, lakini kikundi kikiwa kimezoeleka kufikia hapo, kijiji kitakuwa na watu wa kukiongoza na miwani halali ya kutazamia.

---

Kilimia Kimezama

Kabla ya mkutano wapeni wazee mifano ya wenyeji wengine, kwa maneno mafupi.

Hanle, Ladakh, kaskazini mwa India, juu ya mita 4,000: walipotangaza eneo la anga la giza mwaka 2022, wanakijiji 24 walifundishwa na wakapewa darubini za inchi 8, kama ile aliyotaja Fundi. Wageni hulala nyumba za wenyeji. Taa za vijijini hazikuondolewa, zilifunikwa, na madirisha yakawekwa mapazia mazito. Darubini ikiwa ya mwanakijiji, mgeni anamfuata mwanakijiji.

Kalahari, Afrika Kusini: !Ae!Hai, ardhi ya jamii za ǂKhomani San na Mier, ilipata cheti cha anga la giza mwaka 2019 ikiwa tayari ni mali yao. Ardhi ilitangulia, cheti kikafuata. Ndiyo maana nasema cheti kwenu kisubiri.

Sutherland, huko huko Afrika Kusini, kuna darubini kubwa ya SALT iliyozinduliwa mwaka 2005. Mgeni hatazami kupitia hiyo, usiku anatazama kupitia darubini ndogo. Waliokuwa na nyumba za kulaza wageni ndio waliofaidi kwanza, wasio na nyumba wala mtaji walibaki vibarua. Mgao wa Karani unaziba tundu hilo.

Na mfano wa onyo: Mauna Kea, Hawaii, mita 4,205, mlima mtakatifu kwa wenyeji. Mwaka 2015 na tena 2019 walifunga barabara kuzuia darubini mpya ya mita 30. Si kwamba walichukia nyota, mababu zao walivuka Pasifiki kwa nyota. Walikuwa wameona darubini 13 zikipanda mlima mmoja bila neno lao kuwa na uzito. Lengai ni Mlima wa Mungu. Msiweke kiti hata kimoja kwenye miteremko yake, msiuuze kwa picha za darubini mbele yake, na kama wazee wanataka kutaja upande ambao viti visielekee, waulizeni na mfuate. Wapeni pia siku za kufunga shughuli: wakiwa na sherehe, laigwanani anapiga simu, usiku huo hakuna wageni, hakuna mjadala.

Mtu anaweza kuuliza kama simu zitakatazwa. Hilo linatokana na habari za MeerKAT huko Karoo, Afrika Kusini, ambako mawimbi ya simu hudhibitiwa. Ile ni darubini ya redio. Yenu ni ya kioo, simu haiigusi.

---

Mlinzi wa Zizi

Nimeandika yote. Eneo tunalihamisha nyuma ya kilima cha magharibi, neno "hifadhi" limetoka, na kesho naenda kwa mchungaji. Swali la mwisho: usiku wa kuwaonyesha wazee na kinamama tuupange lini, kabla au baada ya mkutano? Na ratiba ya mwezi?

---

Fundi Vioo

Kabla ya mkutano, lakini baada ya wazee na kinamama kuwa wamesoma masharti na kuyarekebisha. Usiku huo hausainiwi kitu, waambieni mapema.

Chagueni siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo. Mwezi nusu unaonyesha mashimo na milima yake kwenye mstari wa kivuli kuliko mwezi mpevu, ni rahisi kuulenga, na unaangaza njia bila tochi, wazee wanatembea salama. Watu 60 kwa sekunde 45 ni dakika 45, kwa hiyo waanze wazee wakiwa wamekaa, kisha kinamama, watoto mwisho na sanduku la kusimamia. Waazimeni pia jozi mbili za darubini za macho mawili za 10x50 (zinakuza mara 10, lenzi za mbele ni za milimita 50) ili foleni isichoshe.

Usiku wa kulipwa una kalenda nyingine. Kwenu jua huzama karibu saa 12:40 jioni, giza kamili ni karibu saa 1:50 usiku. Mwezi huchelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, hivyo siku ya nne baada ya mwezi mpevu unachomoza karibu saa 4 na mnakuwa na saa mbili za giza. Anzeni kuuza siku hiyo hadi mwezi mwandamo wa siku ya nane: karibu theluthi mbili za mwezi ni za kazi, theluthi moja ya mapumziko. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikuu, kitovu cha Njia ya Maziwa kiko juu jioni na mawingu ni machache. Machi hadi Mei msiuze kabisa. Andikeni hivyo kwenye mkataba, kambi isije ikadai fidia ya mawingu. Mgeni akilipa na mawingu yakafunga kabla ya nusu saa ya kwanza, arudishiwe nusu, na kinamama wa chai walipwe kamili hata hivyo.

---

Mama wa Kisimani

Na usiku huo wa wazee, maziwa yasinunuliwe kambini. Yanunuliwe kwa kinamama wale wale waliotembea njia nanyi.